Mtoto aliyepandikizwa kiungo: mazoezi tiba kwa video, kwa ratiba ya nyumbani au kwa saa ya kuhesabu hatua?

Mtoto anaporuhusiwa kurudi nyumbani na figo, ini, moyo au mapafu mapya, wazazi huondoka hospitalini na mfuko wa dawa, tarehe za kliniki na maelezo marefu kuhusu homa na maambukizi. Kuhusu mazoezi, wengi huambiwa tu: "Mwacheni acheze, ila msimchoshe." Maneno hayo hayamtoshi mzazi aliyemwona mwanawe akipumulia mashine. Hajui kuchoka kunakodhuru kunaanzia wapi, basi kila mtoto anapoanza kuhema anaitwa aje aketi. Misuli iliyokwisha kunyauka kwa miezi ya ugonjwa inazidi kunyauka.

Mazoezi tiba kwa mbali yanaweza kuziba pengo hilo. Vituo vya upandikizaji ni vichache na familia nyingi ziko mbali navyo. Tena mtoto anayemeza dawa za kushusha kinga hafai kushinda kwenye vyumba vya kungojea vilivyojaa watu wanaokohoa, ilhali zoezi analolihitaji lingefanyika sebuleni. Njia kuu ni tatu: vipindi vya video ya moja kwa moja na mtaalamu wa fiziotherapia, ratiba iliyoandikwa au kurekodiwa, ambayo mtoto anaifuata nyumbani huku mtaalamu akipiga simu kila wiki, au saa ya kuhesabu hatua pamoja na michezo ya video inayomfanya mtoto aruke na kujinyoosha. Zote zinasaidia, ila kila moja ina mtoto wake na wakati wake.

Kwanza, mwili wenyewe

Jambo linalowashangaza wazazi ni hili: majibu ya damu ni mazuri, kiungo kipya kinafanya kazi, lakini mtoto akitaka kuinuka sakafuni anajisukuma kwa mikono mapajani mpaka asimame. Huo si uvivu. Prednisolone, mojawapo ya dawa za kushusha kinga, ikitumika kwa muda mrefu hudhoofisha misuli ya mapaja na nyonga na kupunguza uimara wa mifupa. Tacrolimus na ciclosporin, nazo dawa za kushusha kinga, zaweza kupandisha presha na kuitetemesha mikono. Ongeza hapo miezi aliyolala kabla ya upasuaji.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kuwatoa jasho, na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Huko ndiko tunakotaka mtoto huyu afike kidogo kidogo. Asitupwe huko wiki ya kwanza.

Mambo mawili hayafanyiki kwa mbali, hata mkichagua njia ipi. La kwanza ni ruhusa ya timu ya upandikizaji. Mfupa wa kidari uliopasuliwa, au misuli ya tumbo iliyokatwa, huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuinua vitu vizito, kujivuta kwa mikono au kufanya mazoezi ya tumbo, na daktari wa upasuaji ndiye anayesema ni wiki ngapi. La pili ni tathmini ya ana kwa ana: moyo, presha, damu, nguvu ya misuli, mwendo. Programu yoyote inayomwandikisha mtoto bila kuulizia taarifa kutoka kwa timu yake, achaneni nayo.

Vigezo

Nimezipima njia zote kwa mambo manne: usalama, yaani nani anamwona mtoto anapojitahidi, jinsi maendeleo yanavyopimwa, hamu ya mtoto, na mzigo kwa familia. Kisha nimesema inamfaa nani.

Mimi naupa uzito zaidi usalama, kwa sababu ambayo huzungumzwa kidogo. Nguvu za mtoto zikishuka bila sababu inayojulikana, yaweza kuwa dalili ya mapema kwamba mwili umeanza kukikataa kiungo, au kwamba kuna maambukizi. Juzi alipanda ngazi zote bila kusimama, leo anapumzika katikati. Habari hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko zoezi lenyewe. Swali ni nani ataiona, na akishaiona atampigia nani.

Video ya moja kwa moja

*Usalama.* Hapa mtaalamu anamwona mtoto kwa macho yake. Kabla ya kuanza anauliza: homa ipo? Dawa za asubuhi amemeza? Presha ilikuwaje? Mshono ukoje? Halafu anamwambia asimame kutoka kitini bila kushika kitu. Mzazi aliyekaa pembeni anaona mtoto amesimama, basi. Mtaalamu anaona magoti yakigongana kuelekea ndani, pumzi ikibanwa, mkono ukitafuta meza. Anaomba tableti ishushwe sakafuni iegemezwe ukutani na mtoto arudi nyuma hatua chache, ili aonekane kuanzia kichwani hadi nyayoni. Kamera inayoonyesha uso tu haimsaidii mtaalamu wa fiziotherapia.

Lakini hata awe makini vipi, yuko kwenye skrini. Mtoto akiyumba hawezi kumdaka. Kwa hiyo lazima mtu mzima awepo chumbani, na kabla ya kipindi cha kwanza mtaalamu awe ameandika anwani mlipo na namba ya dharura ya eneo lenu. Kama hajaiuliza, mwambieni.

*Kupima maendeleo.* Kipimo kinachotumika sana hospitalini ni kutembea kwa dakika 6, na mwongozo wa Chama cha Kifua cha Marekani wa mwaka 2002 unataka korido ya mita 30. Nyumba nyingi hazina nafasi hiyo. Kwa video hutumika kipimo kingine: mtoto asimame na kuketi mara ngapi kwa dakika 1, kiti kilekile, kimo kilekile. Kwa uchovu, watoto huonyeshwa kipimo chenye picha cha 0 hadi 10 wakachagua namba yao. Mtoto wa miaka minane akikwambia "saba" huku anaimba, unajua saba yake si saba. Anayemwona ndiye anayejua.

*Hamu ya mtoto.* Vipindi vya kikundi vina nguvu yake. Mtoto aliyezoea kuficha kovu lake anakutana na wenzake watano wenye makovu. Wadogo chini ya miaka sita hawatulii mbele ya kamera kwa nusu saa, basi vipindi vyao viwe vifupi na vya mchezo. Vijana nao hawapendi kuonekana wakihangaika, hasa mama akiwa amesimama nyuma. Mtu mzima anaweza kukaa chumba cha pili mlango ukiwa wazi, kama mtaalamu ameridhika kwamba hakuna hatari ya kuanguka.

*Mzigo.* Saa ni maalumu, intaneti lazima iwe imara, na video ikikatika katikati ya zoezi mtoto anabaki amesimama hajui aendelee au aketi. Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilichapisha mwaka 2020 kazi waliyoifanya na watoto na vijana waliopandikizwa moyo: mazoezi kwa video ya moja kwa moja mara 3 kwa wiki, pamoja na kipindi cha lishe mara 1 kwa wiki. Watoto walihudhuria vizuri na hali zao zikaonyesha kuimarika. Lilikuwa kundi dogo, kwa hiyo linatuambia kwamba jambo hili linawezekana. Halituambii kwamba video inazishinda njia nyingine.

*Inamfaa nani.* Mtoto aliye katika miezi ya mwanzo baada ya mshono kupona, mwenye moyo au mapafu mapya, aliyedhoofika sana, au ambaye wazazi wake wamejawa hofu kiasi cha kumzuia kila kitu. Kwa hao wa mwisho, kipindi cha kwanza humtibu mzazi kabla ya mtoto.

Ratiba ya nyumbani na simu ya kila wiki

*Usalama.* Mlinzi ni mzazi, kwa hiyo mzazi ndiye anayefundishwa kwanza. Mazoezi huchaguliwa yale yasiyo na hatari kubwa: kutembea, kusimama na kuketi, kupanda ngazi moja na kushuka, kusukuma ukuta, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa maandishi makubwa, ziandikwe dalili za kusimamisha: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kizunguzungu, maumivu ya kifua, kuhema kusikokwisha baada ya kupumzika, uvimbe mpya, mkojo kupungua, macho kuwa ya manjano. Ongezeni na maumivu ya nyonga au kuchechemea, kwa sababu dawa za jamii ya prednisolone zaweza kuharibu kichwa cha mfupa wa paja, na mtoto wa namna hiyo hahitaji kuhimizwa avumilie. Chini yake iwepo namba ya timu, inayopokewa usiku pia.

*Kupima maendeleo.* Hapa ndipo njia hii inapochechemea. Daftari la mazoezi hujazwa siku moja kabla ya simu, visanduku vyote saba kwa kalamu ileile, na mtaalamu mzoefu hulijua akilitazama mara moja. Wala silaumu. Nyumba ambayo tacrolimus inatolewa kila baada ya saa 12, presha inapimwa na tarehe za damu zinahesabiwa, daftari jingine ni mzigo juu ya mzigo. Simu nzuri haiulizi "Alifanya mazoezi?" maana jibu ni ndiyo. Inauliza: "Jana alipanda ngazi ngapi kabla ya kusimama? Wiki iliyopita zilikuwa ngapi?" Na kuna jambo dogo linalobadilisha njia hii nzima: mzazi arekodi nusu dakika ya mtoto akisimama na kuketi, mara moja kwa wiki, na kuituma kwa njia salama ambayo kituo kimeikubali. Mtaalamu anaitazama akipata nafasi, na jicho lake linarudi.

*Hamu ya mtoto.* Wiki mbili za kwanza ni furaha. Baadaye inakuwa kama kazi ya shule. Nyumba zinazodumu ni zile ambazo ndugu na wazazi wanafanya pamoja naye, na zoezi limefungwa kwenye jambo ambalo tayari hufanyika kila siku, kama vile kabla ya kuoga jioni.

*Mzigo.* Hakuna kungoja saa ya mtu wala hofu ya mtandao kukatika, na simu ya kawaida inatosha. Lakini kazi yote inamwangukia mtu mmoja nyumbani. Mkichagua njia hii, semeni mapema ni nani, na ni nani atamshikia zamu.

*Inamfaa nani.* Mtoto ambaye hali yake imetulia na ameshafundishwa mazoezi ana kwa ana au kwa video; familia isiyo na intaneti ya kuaminika; watoto wadogo ambao mazoezi yao kimsingi ni mchezo na mzazi.

Saa ya kuhesabu hatua na michezo ya video ya kuchezesha mwili

*Usalama.* Kwa mtoto aliyepandikizwa moyo, isomeni saa kwa uangalifu. Wakati wa upandikizaji, mishipa ya fahamu inayouongoza moyo hukatwa. Moyo mpya hupiga haraka kuliko kawaida hata mtoto akiwa ametulia. Akianza kukimbia, mapigo hayapandi papo hapo. Hungoja homoni zisafiri kwenye damu. Akiacha, hukawia kushuka. Baadhi ya mishipa huota tena miaka inavyokwenda, lakini si kwa kila mtoto wala kwa kiwango kilekile. Kwa hiyo saa inayosema "ongeza kasi" kwa kuangalia mapigo inamwongoza mtoto huyu vibaya, na ile inayolia kwamba mapigo ya mapumziko yapo juu inawatisha wazazi bure kila siku. Apashe mwili moto polepole kwa dakika 5 hadi 10, apunguze polepole mwishoni, na kipimo cha juhudi kiwe maneno: anayeweza kusema sentensi nzima lakini hawezi kuimba yuko pazuri. Tena maumivu ya kifua, dalili ambayo watu wengine huitegemea, huenda asiyasikie kabisa.

Kwa figo, kuna onyo fupi: aliyekuwa akisafishwa damu kupitia mshipa uliounganishwa mkononi asivae saa wala kamba inayobana kwenye mkono huo. Na kwenye michezo ya video, sogezeni meza na zulia kabla mtoto hajaanza kuruka.

*Kupima maendeleo.* Saa huhesabu hatua, haihesabu nguvu. Mtoto anaweza kufikisha hatua nyingi na bado ashindwe kuinuka sakafuni. Hata hivyo saa ina uwezo ambao simu na video hazina: inakuwepo siku zote saba. Hatua zikiporomoka siku tatu mfululizo bila sababu, hiyo ni habari ya kupeleka kwa timu. Ila lazima kuwe na mtu anayezitazama namba hizo. Ulizeni waziwazi: zinaonwa na nani, mara ngapi, na taarifa za mwanetu zinahifadhiwa wapi? Jibu likiwa "zinabaki kwenye programu tu", basi mnazo namba zisizo na msomaji.

*Hamu ya mtoto.* Hapa njia hii inaongoza, mwanzoni. Vijana hupenda kujisimamia wenyewe bila kuulizwaulizwa. Lengo liwekwe kutokana na hatua zake mwenyewe za wiki ya kwanza, kisha liongezwe kidogo kidogo. Lengo kubwa lililowekwa na kiwanda kwa watu wazima wenye afya huwavunja moyo. Msisimko hupungua baada ya wiki kadhaa, na kwenye michezo ya video watoto hugundua upesi kwamba kutikisa kiwiko tu kunatosha kupata pointi.

*Mzigo.* Ni kuchaji, kuunganisha na simu, na gharama ya kifaa. Muda wa mzazi unaohitajika ni mdogo kuliko katika njia nyingine mbili.

*Inamfaa nani.* Mtoto mkubwa au kijana ambaye kiungo chake kimetulia, anayejua dalili za hatari na kuzisema, na ambaye tatizo lake kubwa sasa ni kukaa sana. Kwa mtoto aliyetoka hospitali wiki iliyopita, isiwe njia yake pekee.

Kiungo nacho kina neno lake

Mapafu yanahitaji uangalizi wa karibu: kipima oksijeni cha kidoleni wakati wa zoezi, kiwango cha kusimamishia kikiwa kimeandikwa na timu, na kipimo cha pumzi cha nyumbani kama kituo kimewapa. Hapo video ya moja kwa moja ina faida iliyo wazi. Figo iliyopandikizwa hukaa sehemu ya mbele ya tumbo, haikingwi na mbavu kama figo za asili, basi hatari kubwa ni pigo. Mtoto anywe maji kama alivyoagizwa, hasa kwenye joto. Kwa ini, kinachoangaliwa ni misuli ya tumbo kupona na bandama, ambalo likiwa limevimba michezo ya kugongana hupigwa marufuku. Watoto wote wanaocheza nje wavae kofia na kujikinga na jua, kwa sababu dawa za kushusha kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi miaka ijayo.

Kwa hali yenu

Kama ni miezi ya mwanzo, mtoto ni dhaifu na intaneti ipo, video ya moja kwa moja ndiyo ya kuombwa kwanza. Vipindi vikipunguzwa baadaye, ratiba ya nyumbani ichukue nafasi yake, asiachwe hewani.

Kama intaneti haitegemeki, msijilaumu. Ombeni mafunzo ya ana kwa ana siku ya kliniki, mtoto afanye kila zoezi mbele ya mtaalamu na mzazi aliongoze mwenyewe angalau mara moja, kisha ratiba na simu. Ombeni siku na saa ya simu iandikwe.

Kama mzazi analea peke yake na amechoka, ratiba inayomtegemea yeye tu itakufa. Video ya kikundi mara moja kwa wiki, hata kama ni chache kuliko mnavyotaka, itamshikilia mtoto vizuri zaidi kuliko karatasi nzuri isiyofanywa.

Kama ni kijana ambaye hataki kamera na hataki kuambiwa, mpeni saa, na mkubaliane namba mbili tu: lengo lake, na kiwango ambacho hatua zikishuka chini yake atawaambia. Kijana anayetamani mashindano ajue pia kwamba Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa Viungo ipo tangu mwaka 1978, ilipofanyika mara ya kwanza Portsmouth, Uingereza, na watoto hushiriki.

Kama ni moyo au mapafu, saa iwe nyongeza, isiwe msimamizi.

Na kama bado mmekwama, chagueni ile mnayoiweza wiki hii na mweke muda wa kuipima, wiki sita kwa mfano. Siku ya kwanza hesabuni mtoto anasimama na kuketi mara ngapi kwa dakika 1, mkiwa mmesharuhusiwa kufanya hivyo. Baada ya wiki sita hesabuni tena kwenye kiti kilekile. Namba ikipanda, endeleeni. Ikigoma kupanda huku mazoezi yamefanyika kweli, ombeni mtaalamu abadilishe mazoezi au njia. Ikishuka, msingojee tarehe ya kliniki: pigeni simu kwa timu siku hiyohiyo.